Konzi Mbili za Unga wa Mtama

Hapa Durban, mtu akifungua bia ya Meksiko kando yangu, hata taxi zote za mji zipige honi, mimi sisikii tena. Wanasema kampuni yake ilianza kidogo tu, ikakua mpaka chupa zikavuka bahari. Harufu ya bia hiyo inanibeba mpaka uani kwa bibi yangu, kwenye mtumbwi wa mbao uliofunikwa majani ya migomba, alimochachushia kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Siku moja, nikiwa mtoto, wakwe walikuwa wanakuja na mbuzi kumposa shangazi. Pombe ikiwa mbaya, wanarudi na mbuzi wao. Jana yake bibi alilalamika kwamba inachelewa kuchachuka, basi mimi, kwa kumsaidia, nikaongeza konzi mbili za unga wa mtama. Eish! Asubuhi povu lilipanda, karibu ling'oe migomba.

Bibi akatega sikio mtumbwini. "Inaongea haraka sana. Nani ameigusa?"

Nikaficha mikono mgongoni.

Wakwe walipoketi, ilibidi aliyetengeneza pombe aonje kwanza, ndiyo desturi. Bibi alinitazama kwa muda mrefu, kisha akashika mrija.

"Nimeitengeneza mimi peke yangu," akasema, akavuta.

Mzee wa wakwe akavuta pia. Machozi yakamtoka. Nilisikia mapovu yakipasuka moja moja.

"Mama," akasema polepole, "hii iko na nguvu ya ng'ombe. Vijana, mufunge mbuzi kwa mti. Tunabaki."