Uso wa Mama Pasi Mtihanini

Mtaani walimwita Mama Pasi, na jina lenyewe hakulichukia. Miaka ishirini na sita alikuwa nyuma ya meza ileile ya kupigia pasi, katika chumba cha dobi chenye dirisha moja na mvuke wa kutosha kumwivisha mtu. Shati likipita mikononi mwake, utadhani limetoka dukani sasa hivi. Lakini sifa yake kubwa haikuwa pasi, ilikuwa madoa. Chai, mafuta, wino, damu, kutu, kila doa alilijua tabia yake kama mtu anavyowajua watoto wa jirani.

Alikuwa na swali moja ambalo kila mteja mwenye doa lazima aulizwe, hata awe nani. "Umeshaweka nini hapa?" Watu hawalipendi swali hilo. Wengi hujibu, "Sijaweka kitu," huku macho yanaangalia pembeni. Mama Pasi huigeuza nguo upande wa pili, halafu huuliza tena kwa upole zaidi, "Hata ndimu?" Hapo ndipo zinapoanza kutoka habari za ndimu, chumvi, sabuni ya vyombo na dawa ya kusafishia choo. Si kwamba alikuwa mmbeya. Bwana mmoja aliwahi kukana mara mbili kuhusu shati lake la hariri, na lilipoguswa na dawa ya kawaida tu, mgongo mzima ukaachana vipande mkononi mwa Mama Pasi. Kumbe kwake lilikuwa limeshamwagiwa madude yote ya jikoni. Tangu siku hiyo alisema doa halimtishi, anayemtisha ni mwenye nguo.

Sasa, mganga hajigangi. Mama Pasi mwenyewe alikuwa na madoa usoni, mawili mapana kwenye mashavu na moja juu ya mdomo ambalo kwa mbali lilionekana kama sharubu. Yalimtokea akiwa na mimba ya kitindamimba wake, akaambiwa yataondoka akijifungua. Mtoto akazaliwa, akatambaa, akaenda shule, akamaliza, na madoa yako palepale, mvuke unayalea. Mumewe, fundi wa kufuli na mtu wa maneno machache, hakuwahi kuyataja hata siku moja. Naye Mama Pasi alikuwa ameyasahau, au tuseme aliyakumbuka siku za kupiga picha tu.

Ni huyo kitindamimba aliyeyafufua. Binti alikuwa anamalizia chuo cha utunzaji wa ngozi, anakaa bwenini, na mtihani wa mwisho ulikuwa huu: kila mwanafunzi alete mtu mwenye madoa ya kweli, amchunguze mbele ya mtahini, achague tiba moja kati ya tatu zilizopo mezani, aeleze sababu, kisha aianze palepale. Kliniki aliyofanyia mazoezi ilikuwa imemwekea nafasi ya kazi, inasubiri cheti tu. Akishindwa, anarudia mwaka.

"Mama, nataka nikupeleke wewe," binti alisema.

Mama Pasi aliitikia upesi, lakini moyo ukaingia baridi. Alishawaona wanachuo wenzake binti yake, nyuso zao laini kama sahani iliyooshwa. Akajiona ameketi mbele yao na sharubu zake, watu wanaulizana kwa macho, huyu ndiye mama yake? Hakutaka kumwaibisha mtoto. Ndiyo hiyo tu, hakuna kingine.

Wifi yake akayasikia yote hayo, na wifi yake huyo hapitwi. Akaja na kikopo kisicho na jina wala karatasi, ndani yake mkorogo, ule mchanganyiko wa krimu ambao kila anayeuza huapa ni wa asili. "Paka kidogo kila jioni," akasema. "Siku kumi tu utang'aa mpaka kaka yangu akuulize unaitwa nani."

Mama Pasi akacheka, akapaka. Mtu aliyewauliza wenzake umeweka nini kwa miaka ishirini na sita hakukiuliza kile kikopo kina nini ndani. Nawaambia, akili ya binadamu ina chumba chake cha uani ambacho mwenyewe haingii. Na mwanzoni mambo yalikuwa mazuri kweli, madoa yakafifia, akajitazama kwenye kioo mara mbili mbili kama mchumba. Wiki ya nne ngozi ikaanza kumchonyota kila mvuke ukipanda. Wiki ya sita mashavu yakawa mekundu, membamba, hata maji ya kunawa yanauma. Hakumwambia mtu. Siku ya mtihani alipaka poda, akaenda.

Chumba cha mtihani kilikuwa na kitanda chembamba chenye shuka jeupe (lililopigwa pasi ovyo, mkunjo katikati, akaumia moyo), taa kali ya duara, na meza. Mezani kulikuwa na krimu ya kufifisha madoa polepole, chupa ya asidi ya kuchubua ngozi ya juu, na mashine ya leza imefunikwa kitambaa. Mtahini alikuwa mama mfupi mwenye miwani ya mnyororo. Alikaa pembeni na fomu yake.

Binti akaanza maswali, sauti ya kiofisi kabisa. "Madoa yalianza lini?"

"Nilipokuwa na wewe tumboni."

Binti akakohoa. Mtahini akaandika. "Unashinda juani?"

"Nashinda kwenye mvuke, si unajua."

"Unatumia nini usoni?"

"Sabuni na mafuta ya kawaida tu." Alidanganya macho makavu, tena kwa mtoto wake mwenyewe. Na mtoto gani atambishia mama yake mbele za watu? Binti akapita, akaendelea na swali jingine, na mwisho akatangaza amechagua asidi, kiasi kidogo, akaeleza sababu zake vizuri bila kubabaika. Akachukua pamba akaanza kumsafisha uso. Poda ikatoka. Mama Pasi akauma meno.

Taa ilikuwa inamulika moja kwa moja. Binti aliinama karibu zaidi, akatazama shavu la kulia, akatazama la kushoto, brashi iko hewani imeshachovywa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, si ile ya kiofisi, "Mama. Umeshaweka nini hapa?"

Mama Pasi alilijua swali hilo kuliko mtu yeyote duniani. Alijua pia kwamba akijibu ukweli, mtihani umeharibika, kwa sababu ngozi hii haiwezi kuguswa leo. Akafikiri ajikaze kisabuni. Dakika tano za maumivu ni nini kwa mtu aliyezaa watano? Mtoto apate cheti, mengine yatajulikana nyumbani. Lakini akaona kitu kibaya zaidi ya maumivu. Shavu likichubuka hapa, mkono uliolichubua utakuwa wa mwanawe, na huyu mtoto atabeba maisha yake yote lawama kwamba alimuunguza mama yake.

"Hata ndimu?" binti aliuliza.

"Mkorogo," Mama Pasi akasema. "Wiki sita. Nilipewa na shangazi yako."

Binti akaiweka brashi chini. Akafunga chupa. "Samahani, mwalimu," akamwambia mtahini. "Siendelei. Ngozi hii haiwezi asidi, wala leza, wala hata hiyo krimu."

"Unajua fomu inataka tiba ianze leo?"

"Najua."

Mtahini akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Siwezi kukupa alama za kazi usiyoifanya," akasema. "Wala siwezi kumwangusha mtu aliyekataa kumuunguza mteja. Urudi baada ya miezi mitatu, na mama huyuhuyu. Akija ngozi imepona, unaendelea ulipoishia. Akija hivi alivyo, unarudia mwaka."

Basi cheti cha mtoto kikawa kwenye mashavu ya mama. Nje kwenye korido Mama Pasi alisubiri kugombezwa, na binti aliuliza neno moja tu, kwa nini. "Nisikuaibishe," mama akajibu. Binti akamtazama, machozi yanamlenga. "Nimekasirika, mama," akasema. "Sana. Nitakupigia simu kesho." Na kweli akapiga, asubuhi na mapema, na simu yenyewe ilikuwa ya maagizo matupu, acha hiki, nunua kile, vaa kofia.

Kuacha mkorogo si kama kuacha sukari kwenye chai. Ngozi iliasi. Vipele vikamjaa, uso ukawasha, na madoa yakarudi meusi kuliko yalivyokuwa, yamekuja na hasira zao. Wateja hawana aibu, wakamuuliza, "Mama Pasi, umeungua na nini?" Akawajibu, "Nimeungua na ujinga," akawapa nguo zao. Wifi akamshauri apake kidogo tu, iwe kama ya kuituliza. Mama Pasi akamrudishia kikopo mkononi na kumwambia, kwa mapenzi yote, "Wifi, hiki kipeleke kwa adui yako." Wifi akanuna siku mbili, siku ya tatu akaja kukopa pasi.

Mumewe alifanya mambo mawili. Kwanza aliihamisha meza ya pasi akaisogeza dirishani, akaweka feni ili mvuke utoke. Pili, jioni moja alipomkuta mkewe kioo mkononi, alisema kitu ambacho hakuwahi kukisema. "Mimi hayo madoa nimeshayazoea. Yakiisha nitapotea njia ya kurudi nyumbani." Kisha akaomba maji ya kunywa kama hakusema kitu. Mama Pasi alikwenda jikoni kumletea, akasimama huko kidogo, anatabasamu peke yake.

Binti naye alikuja kila mwisho wa wiki kukagua. Alimkalisha mama yake dirishani, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku. Wiki za mwanzo alikuwa mkavu, anauliza na kuandika. Wiki ya tano alipouliza, "Krimu ya kukinga jua umepaka?" mama akajibu, "Nimepaka mpaka baba yako anateleza," na binti akashindwa kujizuia, akacheka hadi akakaa chini. Toka hapo hasira ikawa imekwisha, ikabaki kazi tu. Mwisho wa mwezi wa tatu vipele vilikuwa vimekauka, ngozi imenenepa, maji hayaumi. Madoa yalikuwepo yote matatu, yameketi mahali pake.

Wakarudi. Kitanda kilekile, mtahini yuleyule. Safari hii binti hakuruka swali hata moja, na mengine aliyauliza mara mbili, na Mama Pasi akajibu yote kama mwanafunzi aliyesoma. "Nimeweka sabuni laini, mafuta uliyonipa, na krimu ya kukinga jua. Ndimu sijaigusa hata kwenye mchuzi." Mtahini akainamisha kichwa kwenye fomu, na mabega yalionekana yanacheka.

"Nachagua krimu," binti akasema mwishoni.

Mtahini akainuka, akasogea. "Hiyo ndiyo ya polepole kuliko zote. Wenzako wengi wamechagua leza. Wewe mwenyewe mara ya kwanza ulichagua asidi. Na ngozi sasa imepona, inaweza. Kwa nini unarudi nyuma?"

Mama Pasi alikuwa amelala pale, anasikia yote. Akatamani amwambie mtoto abadilishe haraka, achukue hiyo ya wenzake.

"Leza ni joto," binti akasema, "na madoa ya aina hii joto huyaamsha, hasa kwa ngozi iliyotoka kuumia. Asidi itamtaka akae mbali na mvuke siku kadhaa. Huyu mteja kesho asubuhi atakuwa kwenye pasi. Nikimwambia asiende ataniitikia vizuri sana, halafu ataenda. Sitaki kumponya mtu mwingine ambaye haishi maisha haya. Nataka dawa itakayomfaa yeye, akiwa palepale kazini kwake."

"Na madoa yasipoisha?"

"Yatafifia. Yasipoisha, nitakuwa nimemwambia ukweli tangu leo." Kisha akaongeza, sauti ya kiofisi imemtoka, "Na mimi nataka afike kule kliniki nitakakofanya kazi vilevile alivyo, kila mwezi, apite mlango wa mbele, kila mtu amjue ni mama yangu."

Binti akachovya kidole kwenye krimu, akaanza shavu la kulia. Haikukaa. Machozi ya Mama Pasi yalikuwa yanashuka, yanaichukua yote, yanaipeleka sikioni.

"Mama, nyamaza," binti akanong'ona. "Zimenibakia dakika nane."

"Nimenyamaza," Mama Pasi akasema, na hakuwa amenyamaza hata kidogo. Ikabidi afutwe, apakwe upya. Mtahini alikuwa ameshakaa chini na kusaini, akafunga kalamu yake, akaichomeka mfukoni.

"Umefaulu," akasema. "Lakini malizia na shavu la kushoto, usimwache mama wa watu nusu."

Binti akamalizia shavu la kushoto.