Wino Mwekundu wa Programu ya Mazishi

Duka langu liko Kitengela, chumba kimoja nyuma ya hadiwea. Natoa kopi na kuchapisha. Mwaka wa kwanza nilinunua katriji halisi za wino, na mbili tu zilikaribia bei ya printa yenyewe, kwa hivyo faida yote iliishia kwenye wino. Mume wangu, aliyekuwa mwalimu Kajiado mjini, ndiye aliyeleta chupa za wino wa kujazia na sindano. Kila Ijumaa alibandua kibandiko juu ya katriji na kuingiza wino polepole. Mimi sikuwahi kuigusa hiyo sindano.

Alifariki Jumanne, shuleni, wakati wa chai. Walisema ni moyo. Simu ilinipata nikimtolea mtu kopi ya kitambulisho. Nikamaliza kopi, nikampa chenji, kisha nikafunga duka.

Programu za mazishi zilipaswa kuwa tayari kabla ya safari ya kwao, Kakamega. Kaka yake alitaka kuzipeleka Nairobi kwa wenye mashine kubwa. Nilimwambia nitazitoa mwenyewe. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Ukurasa wa kwanza ulitoka na picha yake, uso wa kijani. Wino mwekundu ulikuwa umeisha. Shemeji aliutazama sana, kisha akaulaza kifudifudi.

Nikachukua sindano. Katriji ya rangi ina matundu matatu, na sikujua lipi ni la rangi gani. Nikachovya kijiti cha kiberiti katika kila moja mpaka kimoja kikatoka chekundu. Nikasukuma wino kidogo kidogo, kama nilivyomwona akifanya, hadi ukachomoza juu. Nikapangusa kwa tishu. Nilichowaza ni kwamba ukifurika na kuingia kwenye njano, kazi imeharibika. Hakukuwa na kitu kingine kichwani.

Nikaiachia printa ijisafishe mara mbili, nikachapisha tena.

"Sasa huyu ni yeye," shemeji alisema, akaketi kwenye stuli na kulia.

Mimi nikaongeza karatasi kwenye trei.

Wino haukutoka vidoleni, hata kwa Jik. Mazishini mama mkwe alinishika mkono, akauliza kama nimejikata. Nikamwambia ni wino. Hakuuachilia ule mkono mpaka mchungaji alipomaliza kuhubiri.

Wiki iliyofuata nilifungua duka. Mwalimu mwenzake mume wangu akaja kutoka Kajiado na katoni ya vitu vya mezani pake: miwani, kikombe, madaftari ya wanafunzi yaliyosahihishwa nusu. Nilimshukuru, nikaisukuma chini ya kaunta. Bado iko hapo. Wino najaza mwenyewe, mchana wateja wakipungua, na watu husifu rangi.

Mama mkwe hunipigia kila Jumapili. Majuzi nilimwambia kwamba mpaka leo sijalia.

"Hakuna mtu anakuharakisha," akasema, kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilikuwa sijala. Nikaweka maji ya ugali.