Maua kwenye Domo la Tarumbeta

Bajaji iliposimama mbele ya nyumba yetu, Tandika, mama alikuwa barazani anachagua mchele. Aliona mwanamume anahangaika kushusha kitu kikubwa kilichofungwa shuka, akaniita kwa mshangao: "We mwanangu, njoo uone, kuna mtu kaleta sufuria la shughuli. Umeagiza?"

Sikuwa nimeagiza kitu. Nilitoka mikono imejaa hina hadi viwikoni, maana kazi yangu ndiyo hiyo. Nachora hina na piko kwa maharusi, kama alivyochora mama kabla macho yake hayajaanza kuchoka. Yule mwanamume alimpa mama shikamoo, akanisalimu na mie, kisha akafungua shuka. Lilikuwa tarumbeta. Si yale madogo ya kushika mkononi. Lilikuwa la besi, ambalo mpigaji analivaa mwilini likamzunguka, na domo lake linasimama juu ya kichwa chake likitazama mbele, pana kama ungo.

Alikuwa kiongozi wa kundi la matarumbeta linalosindikiza harusi. Alikulia bara, kupiga alijifunza kanisani, na wenzake walimwita mwalimu. Alieleza kilichomleta. Siku chache nyuma walikuwa Madale na msafara wa harusi, magari yakakwama kwenye kilima, na bibi harusi akatoa mkono dirishani kuwapungia.

"Nikauona ule mkono, dada," alisema. "Nikapoteza wimbo. Harusi zote nilizopiga, haijawahi kunitokea. Nikauliza nani kachora, nikaelekezwa kwako."

Alitaka nimchoree tarumbeta lake.

Nilicheka. "Kaka yangu, hina inashika kwenye ngozi. Hapo itakauka, na itapukutika hata hujafika kwenu."

"Najua. Wewe utachora, fundi atachonga kwa kufuata mistari yako. Ila kabla ya maua kuna jambo linanisumbua. Sijui liwe na sura gani."

Kwa wakati ule sura ya lile tarumbeta ilikuwa ya kusikitisha. Lilikuwa limepakwa rangi ya dhahabu, ile ile ya mageti, nayo ilikuwa imebanduka mabaka mabaka, na chini yake ilichungulia bluu. Wenzake walitaka lipelekwe likachovywe nikeli, liwe jeupe na ling'ae kama ringi za gari, kwa sababu makundi mengine mjini yalikuwa nayo ya namna hiyo na kwenye video yanapendeza. Wawili walitaka lipakwe tu dhahabu mpya, yaishe. Yeye mwenyewe alitaka nimchagulie mie.

"Mie najua kulipiga tu," alisema. "Urembo ni wenu nyie."

Nikamwambia kwamba siwezi kumchagulia mtu nguo kabla sijaliona umbo lake. Tutoe rangi kwanza, tuone kilichopo.

Alirudi Jumatatu asubuhi, maana kwa watu wa harusi Jumatatu ndiyo siku ya kupumzika. Alileta dawa ya kutolea rangi, brashi na glavu. Tulitandika mkeka mbovu uani, tukalilaza tarumbeta juu yake. Harufu ya dawa ilikuwa kali, mama akahamisha kigoda chake hadi mlangoni, lakini kuingia ndani hakukubali. Tulipaka, tukasubiri. Rangi ikaanza kuvimba na kujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Tuliikwangua kwa vipande vya mbao ili tusilichubue. Ikatoka ile dhahabu, ikafuata bluu, na chini ya bluu kulikuwa na nyekundu nyembamba ambayo hata mwalimu hakuwahi kujua kama ipo.

Chini ya nyekundu ndipo tukaikuta shaba yenyewe.

Mwanzoni ilikuwa alama ndogo tu, kama ukucha. Nilimwagia maji, nikasugua kwa kitambaa, na ile alama ikatanuka. Sijui niieleze vipi. Nilikuwa nadhani shaba ya njano ina rangi moja, ya vitasa vya milango. Hii haikuwa moja. Kwenye domo ilikuwa na rangi ya samli. Kwenye mikunjo ilikaribia asali, na pale mabomba yalipolehemiwa ilikuwa na wekundu kwa mbali, kama mtu aliyeona haya. Jua lilipopanda juu ya ukuta wa jirani, likalipiga lile domo, na mwanga ukaruka hadi kwenye ukuta wetu, ukamfunika mama uso mzima.

"Subhanallah," mama alisema. Hakusogeza uso. Alifumba macho, akakaa vile vile ndani ya ule mwanga kama mtu anayeota jua baada ya homa.

Mwalimu alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka. Kisha akaniita kwa ishara. Karibu na vali, vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole, pale mpigaji anapolishika, shaba ilikuwa imelika. Haikuwa imechubuka. Ilikuwa imelainika na kubonyea kidogo, kama ngazi ya mawe inavyobonyea kwa kukanyagwa. Aliweka kiganja chake pale. Hakikuenea. Aliyeliacha vile alikuwa na mkono mkubwa kuliko wake, na kidole gumba chake kilikaa chini zaidi.

"Hili nililikuta kwenye kundi," alisema. "Wazee walioniachia nao walilikuta. Sasa huyu alikuwa nani?"

Hatukuwa na wa kumuuliza. Niliweka kidole changu ndani ya lile bonde dogo. Mtu alikuwa amelishika hapo, harusi baada ya harusi, hadi shaba ikakubali umbo la mkono wake. Kisha likapakwa rangi, mara tatu.

Nikajua siku ile ile kwamba nikeli siitaki. Sikumwambia bado.

Fundi wa kuchonga alikuwa sonara mmoja wa Temeke, mzee wa Kiarabu ambaye ukoo wake una duka pale tangu mama hajaolewa. Bangili za mama alizifanya yeye. Tulilipeleka kwa bajaji, mimi nimelikumbatia kwenye kiti cha nyuma na mwalimu kabanwa pembeni. Mzee aliligonga domo kwa kucha, akasikiliza, akasema bati lake ni jembamba lakini litavumilia mchongo wa juu juu.

"Na baadaye mnalimalizaje?" aliuliza. "Mnalichovya, mnalipaka vanishi, au mnaliacha?"

Mwalimu alinitazama mimi. Mzee akaona kwamba hatujui, akatoa vitu vitatu akavipanga juu ya kioo cha kabati. Kwanza sinia dogo la nikeli, jeupe, lenye nakshi ukingoni. Nakshi zake ilibidi niinamie kuziona, maana mng'ao ulizimeza. Halafu fremu ya picha ya shaba iliyopakwa vanishi, njano safi, nzuri kweli, lakini kwenye kona vanishi ilikuwa imepasuka na unyevu umeingia chini yake, ukaacha madoa ambayo hakuna kitambaa kingeyafikia. Mwisho akateremsha rafuni dele la kahawa la nyumbani kwao, birika la shaba. Halikupakwa kitu. Mwili wake ulikuwa wa kahawia nyepesi, na palipozoea kushikwa paling'aa. Maua yaliyochongwa tumboni mwake yalisimama wazi kabisa, kwa sababu weusi ulikuwa umeingia kwenye mistari na kukaa humo. Niliyaona tangu nilipokuwa mlangoni, dele likiwa bado rafuni.

Hina nayo iko hivyo. Siku ya kwanza ukiiosha ni rangi ya chungwa, bibi harusi mgeni wa hina anaweza hata kulia akidhani umemharibia. Kesho yake inakolea. Keshokutwa ndiyo yenyewe.

"Liache," nikamwambia mwalimu.

Alikuna kichwa, akampigia simu mwenzake mmoja, akaweka spika. Sauti ikatoka pale dukani bila heshima yoyote: "Mwalimu, acha utani! Litakuwa jeusi. Watu watasema tumeokota kwenye vyuma chakavu."

Mwalimu akanisogezea simu. Nikamwambia yule kijana kwamba ndiyo, litakolea, lakini maua ndipo yatakapoonekana. Lisipofutwa jasho baada ya kila shughuli litafanya ukijani, kwa hiyo kulifuta ni lazima. Likichovywa, nilisema, lile bonde la mkono wa mtu wa zamani litamezwa na mng'ao. "Bonde gani?" akauliza. Mwalimu akachukua simu, akatoka nje kumweleza. Aliporudi alisema tu, "Mzee, tuliache."

Nilianza kuchora. Mzee alinipa kalamu ya wino, nikajaribu, mkono wangu haukuielewa. Nikatoa koni yangu ya hina kwenye pochi. Mkononi najua pa kuanzia, kwenye kiganja cha mkono hadi ncha za vidole. Domo la tarumbeta halina vidole. Ni duara, na ukilifuata unajikuta umerudi ulikotoka. Nilikaa nalitazama mpaka mzee akaagiza chai. Mwishowe niliingiza mkono ndani kabisa kwenye koo, pale sauti inapotokea, nikaanza na kitawi chembamba, nikakiacha kitambae kwenda nje. Kadiri domo lilivyopanuka, majani yakapata nafasi, maua yakafunguka, na yalipofika ukingoni yalikuwa makubwa kuliko ua lolote nililowahi kuchora. Hakuna mkono wa binadamu ungeyatosha.

Hina ilikauka. Mzee alivaa miwani yake na kuchukua kisu chake cha kuchongea. Nyuzi nyembamba za shaba zilijikunja mbele ya ncha, zikaanguka kwenye karatasi, na kila mstari aliouacha nyuma ulikuwa na mwanga ndani yake. Ilimchukua siku kadhaa. Nilikwenda kila nilipopata nafasi, nikakaa kwenye benchi la wateja.

Siku alipomaliza, vipande vya hina vilikuwa bado vimeng'ang'ania kwenye michongo. Nikaomba maji nilisafishe. Mwalimu akasema, "Subiri kidogo, dada." Akalivaa tarumbeta pale pale kati ya makabati, akavuta pumzi, akapiga noti moja ya chini kabisa.

Vioo vilitetemeka. Mie niliisikia tumboni kabla haijafika masikioni. Kisha nikaona hina inaachia. Ile hina kavu ilitikisika kwenye mistari, ikapasuka, ikapeperuka kutoka kwenye domo kama vumbi jekundu, ikamwangukia mzee kwenye ndevu na mie kwenye baibui. Mwalimu hakukatisha pumzi. Aliposhusha tarumbeta, maua yalikuwa safi, yote, kama yaliyoota yenyewe.

Mzee alivua miwani. "Fanya tena," alisema, kwa sauti ya mtoto.

Akafanya tena. Safari hii niliweka kiganja changu nje ya domo, nikayasikia maua yangu yanatetemeka. Nimeshika mikono mingi inayotetemeka, ya wasichana wanaoolewa kesho. Lakini sikuwahi kuchora kitu kikawa na sauti.

Kukolea kulichukua miezi. Wale vijana walinuna mwanzoni. Harusi za kwanza lilikuwa njano tu, na maua ukiwa mbali huyaoni. Lakini mwalimu alilifuta kwa uaminifu, na weusi ukaenda mahali pake. Yule wa kwenye simu alikuja kwangu mwenyewe na tarumbeta lake dogo, jeupe la nikeli, akasimama mlangoni akijikuna shingo. Nikamtuma kwa mzee kwanza akaulize kama inawezekana. Mzee amemwambia nikeli itabanduka ikichongwa, na kijana bado anafikiria.

Mwezi uliopita walipiga Segerea, kwenye harusi ambayo bibi harusi wake nilimchora mie. Nilisimama barabarani na mama, nimemshika mkono. Msafara ulipokaribia, mwalimu aliniona, akageuka kidogo, na domo lote likatuelekea. Mama, ambaye siku hizi sura za watu zinampa tabu, aliniminya vidole.

"Nayaona," alisema. "Yanatokea ndani, eti? Yanakuja nje."

"Ndiyo, mama."

"Nani kakufundisha hivyo? Mie sikukufundisha."

Ngoma zilikuwa zimefika, tukasogea ukutani kupisha magari.