Kichuguu cha Mama Agnès

Enzi zile Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilikuwa haijamaliza pori lake. Upande tunaouita leo Ruashi, Mama Agnès alilima alizeti kando ya kijito, na mwenye kubisha akawaulize kuku wa wakati ule.

Chini, karibu na maji, udongo ulikuwa mweusi na alizeti ilinenepa. Juu, kwenye udongo mwekundu, vichwa vilitoka vidogo kama vifungo vya shati. Ila pembeni kulisimama kichuguu kirefu kuliko nyumba, na Mama Agnès alikuwa ameona jinsi maboga yaliyojiotea miguuni pake yalivyovimba. Akataka kukibomoa, aulishe ule mwekundu.

Shida ni kwamba mumewe, Chola wa reli, alikuwa amekwisha kukiposa. Udongo wa kichuguu ndio unaotoa tofali gumu, na kibao cha kufyatulia alikuwa ameshachonga. Alitaka nyumba yenye baraza kama ya jirani yake Mukuka.

"Mama Agnès, ile kichuguu njo nyumba yetu. Unataka tulale mu maua?"

"Na wewe, Baba Agnès, utakula tofali? Nipatie upande moja tu, mvua moja. Kama kichwa haipite sahani yako ya bukari, fyatua yote. Mimi mwenyewe nitakukanyagia matope."

Chola akakubali, maana sahani yake ya ugali aliijua ukubwa. Mama Agnès akabeba udongo wa kichuguu kwa kitunga, akauponda, akauchanganya na majivu kule juu. Kule chini kweusi hakuweka kitu. Aliinua matuta tu, mizizi isizame. Majirani wakamcheka kwamba anaulisha udongo udongo. Mukuka akauliza kama kesho atainywesha mvua maji.

Mvua ikaja, ikapita. Vichwa vya juu vikapanuka hata kuku wakakimbilia chini yake manyunyu yakianza, na jioni moja jua lenyewe lilichelewa kuzama, halijui ligeukie kichwa kipi. Chola akaja na sahani. Akaiweka juu ya kichwa cha kwanza, ikapotea katikati. Akajaribu kingine, na kingine, kama mtu anayetafuta deni. Halafu akakunja mikono ya shati.

"Kitunga iko wapi?"

Nyumba yao ikabaki ya udongo na nyasi, kibao kikawa kiota cha kuku. Jioni Chola alikaa mlangoni pasipo na baraza, akibangua mbegu za kukaanga, akimwambia kila mpita njia kwamba kichuguu alikibomoa yeye. Mama Agnès alimwacha aseme.

Leo pale ni nyumba tu, zote za tofali. Harufu ile ya mbegu zikikaangwa, mvua inapoanza, utaipata wapi.