Mlio Kwenye Taya

Hospitali nzima ilimwita Mama Laini, kuanzia walinzi wa getini hadi madaktari wa upasuaji, na wengi wao hawakujua kama ana jina jingine. Simu ikifa, aliitwa. Ikikoroma, aliitwa. Daktari bingwa akisahau kurudisha mkono wa simu mahali pake aliitwa pia, naye akapanda ngazi zote zile, akaurudisha, akasema, "Ilichoka tu, daktari. Sasa imepona."

Ofisi yake ilikuwa chumba kisicho na dirisha, nyuma ya jengo la dobi. Ukuta mmoja ulijaa nyaya za wodi zote, jozi kwa jozi, nyembamba kama uzi wa kushonea. Pembeni ulisimama mtambo wenyewe, kabati la chuma lililozeeka, likipumua joto. Vibandiko vya namba vilikuwa vimefutika zamani, kwa hiyo kuujua waya ni wa nani kulitaka sikio. Alikwenda wodini, akabana kwenye soketi kifaa kidogo kinachotuma mlio ndani ya waya, kisha akarudi chumbani kwake na kupitisha kipokezi, mfano wa kalamu nene, juu ya zile jozi. Nyingi zilinyamaza. Za jirani zililia kidogo, maana mlio huvuja. Yenyewe ililia kuliko zote. Ufundi wake wote ulikuwa hapo, katika kutofautisha kilio na kilio.

Mbu ndio waliotangulia kupotea. Jioni moja mumewe, fundi viatu, aliketi sebuleni akijizaba makofi shingoni.

"We mama, huwasikii hawa?"

"Mbu wa siku hizi wana adabu."

"Adabu gani, wananiimbia hadi ndani ya sikio!"

Alicheka naye. Lakini wiki hiyo hiyo kipokezi chake kilikuwa kimenyamaza kazini, naye alikuwa amekibadilishia betri, akaibadilisha tena, akalilaumu duka.

Daktari wa masikio alikuwapo hapo hapo hospitalini, ghorofa ya juu. Ila Mama Laini aliijua hospitali yake: lililoingia kwa daktari asubuhi lilikuwa getini kabla ya chakula cha mchana. Akavua kitambulisho, akaenda zahanati ya upande wa pili wa mji. Huko akaambiwa neva inakufa. Imeanza na sauti nyembamba, itafuata na maneno ya watu.

"Dawa?"

"Hakuna, mama."

"Basi anza kunipigia kelele, nizoee."

Daktari hakucheka.

Viatu vya mumewe vilileta chumvi na kibiriti. Vingine vyote nyumbani vilitoka kwenye chumba kile nyuma ya dobi. Na nani angemwacha kazini fundi wa simu asiyesikia? Akatafuta njia. Akagundua kwamba akikiegemeza kipokezi kwenye taya, mlio unapanda kwenye meno kama baridi ya maji ya barafu. Alifanya hivyo mlango ukiwa umefungwa.

Aliyemgundua ni wifi yake, dada wa mumewe, opereta wa mapokezi. Ndiye aliyepokea simu zote, za nje na za ndani, na kuziunganisha.

"Tangu lini unaniangalia mdomo nikiongea? Nimeota ndevu?"

Mama Laini akajaribu kutania, machozi yakamtangulia. Wifi akamvuta nyuma ya kabati la mafaili, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema tu, "Haya. Masikio ninayo mawili, moja chukua."

Tangu siku hiyo, kukiwa na laini ya kupimwa, wifi aliiba dakika chache akakimbilia nyuma ya dobi.

"Hii ikoje?"

"Inakoroma kama kaka yangu."

"Basi imekufa kabisa hiyo."

Hivyo ndivyo walivyoishi, na nyumbani hakuna aliyejua.

Kisha wodi ya wazazi ikahamishiwa jengo jipya, na wifi akiwa likizo. Mama Laini alilazimika kuhamisha laini zake peke yake. Akabana kifaa kule, akarudi, akaweka kipokezi tayani. Jozi mbili zilizopakana zikatetemeka sawasawa. Sikio lingejua ipi inalia zaidi. Taya linajibu ndiyo au hapana, halina jibu la tatu. Akarudia, akafumba macho, akarudia. Mwishowe akachagua moja. Akapiga kujaribu, simu ikaita. Wodi ilikuwa bado tupu, hakuna wa kupokea, na tayari alikuwa anaitwa maabara. Iliita, akaridhika. Hakujua inaita wapi.

Siku wifi aliporudi kazini, chumba cha upasuaji kilimpigia: kimeshakuwa tayari, wodi ya wazazi imlete haraka mama anayesubiri kupasuliwa. Wifi akaunganisha. Ikaita. Ikaita tena. Upasuaji wakafoka, wifi akaunganisha upya, ikaita, hakuna jibu. Akavua viatu, akaiacha meza yake, akakimbia peku hadi jengo jipya. Wakunga walikuwa wamekaa kando ya simu wakisubiri kuitwa. Stoo ya mashuka, iliyofungwa kwa kufuli, ndiyo iliyokuwa ikilia.

Mama na mtoto waliponea chupuchupu. Ndugu zao wakaja juu.

Mama Laini alifika kwenye nyaya kabla ya mtu yeyote, akaona kosa lake, akalirekebisha. Mtambo ule wa kizamani hautunzi kumbukumbu. Baada ya hapo hapakubaki ushahidi wowote ila yeye.

Kesho yake waliitwa wote wawili kwa Mkuu wa Utawala.

"Opereta, ulibonyeza namba ya stoo."

Wifi alimtazama Mama Laini kidogo tu, kisha akaangalia chini. "Labda nilichanganya, bosi. Ndiyo kwanza nimetoka likizo."

"Na ukaacha kituo. Nitakupa barua ya onyo." Akamgeukia fundi, akapaza sauti kidogo kama watu wanavyofanya mwisho wa kikao. "Laini ya wazazi ina tatizo lolote?"

Ingetosha kusema haina. Ingekuwa kweli.

"Sasa haina," alisema Mama Laini. "Jana ilikuwa nayo. Niliunga vibaya mimi. Sisikii vizuri, bosi. Ni muda sasa."

Mkuu akamuuliza wifi jambo, kwa sauti ya chini. Mama Laini hakulishika hata neno, lakini alimwona wifi akishindwa kujibu, akajua ameulizwa nini. Mkuu akaendelea kusema taratibu, bila hasira, huku akikusanya karatasi zake, na uso wa wifi ukawa kama ukuta uliopakwa chokaa.

Nje, kwenye njia ya kutokea getini, ndipo alipoambiwa yaliyosemwa. Fundi asiyesikia hafai. Opereta aliyemficha hafai zaidi. Wote wawili wakabidhi funguo.

"Nani alikutuma?" wifi alimfokea, na hilo alilisikia vizuri. "Ilikuwa onyo! Karatasi! Ingekaa kwenye faili, ikaliwa na panya, mwakani hakuna anayekumbuka. Sasa watoto wangu nitawaambia nini? Kaka yangu nitamwambia nini?"

"Sikuweza kukuona umesimama vile, wifi."

"Ungefumba macho! Masikio si umeshayafumba?"

Akajishika mdomo, kana kwamba anaweza kulirudisha. Halafu akatangulia, kwa haraka, mkoba ukimpigapiga mgongoni. Mabega yalipanda na kushuka, mkono mmoja ukakata hewa, kwa hiyo alikuwa bado anasema. Huenda alikuwa anatukana. Huenda alikuwa anaomba radhi. Mama Laini akaongeza mwendo ili amfikie, ajue ni lipi kati ya hayo. Wifi naye akaongeza wake.