Reale ya Baba Yangu Imepata Ndugu

Bwana Mhariri na ninyi wasomaji wenzangu, salaam nyingi. Hamjambo huko mliko? Watoto wameamkaje, na mvua zimewafikia? Sisi huku Tabora tu wazima wa mwili kwa neema ya Mungu, ila roho yangu haina usingizi. Nawaomba jina langu mlifiche, maana ninaowataja ni watu wa nyumbani mwangu na wa kanisani kwangu.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na minane, mkulima wa mihogo na karanga. Shule niliisoma kwa masista mpaka nikaweza kusoma katekisimu, basi.

Marehemu baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa hadi pwani mara tatu, reli haijajulikana. Safari ya kwanza alipata reale moja, sarafu ya fedha ya zamani, ile yenye sura ya mama mnene, wala hakuitumia. Kila aliporudi salama aliikata alama moja ukingoni kwa kisu. Ya pili imelala upande, kwa sababu siku hiyo kidole gumba kilikuwa kimevimba kwa mwiba wa pori la Mgunda Mkali. Hiyo si desturi ya wapagazi, ni yake yeye peke yake. Alipokaribia kufa alinitia reale hiyo kiganjani, nikaiweka kisandukuni pamoja na rozari.

Binti yangu ameolewa na mfua fedha wa hapa mjini, fundi wa vikuku na hereni. Kijana mwenye adabu! Mnajua kwetu mkwe hatazamani uso kwa uso na mama mkwe. Akifika husimama nyuma ya ua, "Shikamoo mama," nami nikiwa ndani, "Marahaba baba," yamekwisha. Nilijisifia kwa majirani. Mwaka jana baada ya mavuno alimtuma mkewe kuniomba ile reale, aisafishe na kuitia kitanzi cha kuvalia shingoni. Ilikaa kwake wiki mbili. Iliporudi inang'aa, nililia kwa furaha.

Tangu hapo akaanza kuniletea wageni. Abiria wa treni, mfanyabiashara wa Kaliua, hata bibi mmoja wa Kizungu na mkalimani wake. "Wanapenda habari za zamani, mama," husema kutoka nyuma ya ua. Nami napenda watu. Nawapikia chai, nawasimulia safari za baba, nawaonyesha zile alama wazipapase. Yeye hakuingia hata mara moja. Nilisema ni heshima.

Sasa sikilizeni. Kanisani kwetu yupo karani wa reli, Mgoa wa Uhindi, mtu mzima, anayestaafu karibuni arudi kwao ng'ambo ya bahari. Naye aliwahi kuja kunisikiliza. Jumapili moja baada ya misa akanivuta pembeni, macho yanacheka, akafungua leso. Reale mbili. Zote zina alama tatu. Zote, ya pili imelala.

"Umezipata wapi, baba?"

"Kwa mkwe wako! Anasema ni za wenzake baba yako, wote walikuwa wakikata hivi. Mjini hapa waongo wengi, mama, kwa mtu mwingine nisingenunua. Lakini habari nimeisikia kinywani mwako, na wewe nakuona hapa kila Jumapili."

Akaniambia anataka kutoa kiinua mgongo chake chote anunue nyingine, awapelekee wajukuu. Mungu anisamehe, nilicheka, nikasema, "Hongera."

Nyumbani nikaitoa ya kwangu. Baba alitufundisha kuwa reale ya kweli ukiiangusha juu ya jiwe hulia kama kengele ndogo. Nikaiangusha kwenye jiwe la kusagia. Pu! Kama kifungo cha koti. Nikarudia, nikarudia. Basi hata niliyokuwa nikiwaonyesha wageni ni ya bandia. Nadhani mkwe aliigandamiza ya baba kwenye mchanga ipate umbo, akamimina bati na risasi, akapaka fedha juu.

Nikamwita binti yangu, ana mimba ya miezi saba. Akatazama chini, kisha akaguna kwa dharau.

"Mayo, mama yangu, nani aliyewasimulia wageni? Mume wangu hakufungua mdomo mbele yao. Ukifika kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, wewe ndiwe wa kwanza kuulizwa."

"Reale ya babu yako iko wapi?"

"Sijui." Halafu kwa sauti ndogo: "Mayo, unataka mtoto azaliwe baba yake yuko jela?"

Tangu siku hiyo kila kitu nakitilia shaka. Sukari anayoniletea mkwe ni ya nini? Hata ile shikamoo ya nyuma ya ua, ilikuwa adabu, au ni mtu asiyetaka nimwone macho? Na kwa mila zetu siwezi kutoka nimkabili. Jumapili mbili sasa sijakomunika.

Juzi sauti ikaja tena. "Shikamoo mama. Karani atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, na ndugu yake kutoka Kigoma. Anaomba usimulie tena." Nikaendelea kumenya karanga. "Usimulie kama siku zote, mama."

Sikuitika marahaba. Ni mara ya kwanza.

Jiwe la kusagia nimelitoa jikoni, nimeliweka karibu na kigoda cha wageni. Nikimwambia karani neno moja tu, "Baba, iangushe hapa," jasho la maisha yake litapona, na binti yangu atajifungua mumewe akiwa kifungoni. Nikisimulia kama siku zote, nitakuwa nimemwibia mwenzangu wa kanisani kwa miguu ya marehemu baba. Ninyi wenye mabinti, ninyi wenye wakwe, nishaurini, nifanye nini? Tafadhali nijibuni upesi, kabla ya Jumamosi hiyo.