Chumba Kisichonukia

Mkemia wetu wa mafuta ya kivumbasi ana pua kali kuliko mashine zake. Akishajaza majani kwenye pipa la mvuke, huziba ukingo wa mfuniko kwa unga uliokandwa, kisha hulizunguka akinusanusa kama paka jikoni. "Mkisikia harufu humu ndani, jueni mafuta yanatoroka," hutugombeza. Ndiyo maana chumba chetu hakinukii chochote.

Juzi alikuja mama yake, kifua kimembana, kila neno na kikohozi chake. Mkemia akamwonyesha mchoro wa vipimo vya mafuta yake kwenye kompyuta. "Kilele hiki ni kafuri, mama. Ndiyo iliyokuwa ikinizibua pua uliponifukiza utotoni." Mama akavuta hewa. "Mbona hainukii, mwanangu? Imekufa?" Mkemia akachemsha maji, akayatia kwenye beseni, akamiminia mafuta aliyoyakusanya wiki nzima, akamwinamisha mama juu ya beseni na kumfunika kwa koti lake jeupe. Harufu ikajaa chumba kizima. Tulisimama tumeduwaa, naye mkemia akainama, akaingiza kichwa chake humo humo.

"Mnashangaa nini?" ikasema sauti yake chini ya koti. "Fungeni madirisha!"